Kibanda umiza cha Mwanga, Kigoma: rimoti, uzi wa nyavu na ubishi wenye ushahidi

Mwanga haikosi mahali pa kutazama mpira. Vibanda umiza ni vingi, picha nyingi ni nzuri, ila ubishi ukizuka mwenye koo kubwa ndiye anayeshinda. Hiki cha uchochoroni, nyuma kidogo ya soko, kina tofauti: ubishi hapa unaletewa ushahidi. Kiingilio ni shilingi 500 kwa Ligi Kuu na 1,000 kwa mechi za Ulaya na za timu ya taifa. Kwa wanaokwenda kutazama goli na kuondoka, hiyo buku ni nyingi. Kwa anayetaka kujua kama refa kakosea, ni halali yake.

Msingi wa huduma yenyewe ni king'amuzi chenye diski ya kuhifadhi matangazo, ambacho picha yake inaweza kurudishwa nyuma mechi ikiendelea. Vibanda vingine navyo vinacho. Tofauti ni nidhamu ya mwenye rimoti. Refa akipuliza jambo la utata, haguswi mtu wala kitufe mpaka kipindi kiishe. Wageni hulalamika, lakini yuko sahihi. Ukirudisha nyuma dakika mbili wakati mpira unachezwa, ukumbi mzima unabaki nyuma dakika mbili, na jirani mwenye redio atashangilia goli ambalo ninyi hamjaliona. Tayari picha ya dishi inaichelewa redio kwa sekunde kadhaa, maana inabanwa kabla ya kurushwa na kufunguliwa tena kwenye king'amuzi. Kuiongezea ucheleweshaji ni kuita fujo.

Umeme umefikiriwa vizuri pia. King'amuzi kinakaa kwenye betri ndogo na inveta yake, projekta iko kwenye umeme wa kawaida na jenereta. Umeme ukikatika, kinachozimika ni projekta peke yake. Wasiojua huweka kila kitu kwenye jenereta, halafu king'amuzi kikizimika kinachukua dakika kadhaa kuwaka na kutafuta mawimbi, na kile kilichokuwa kimehifadhiwa kwa ajili ya kurudisha nyuma kinapotea. Penalti ya dakika ya 40 ikipotea hivyo, mapumziko yanakuwa ya matusi.

Sasa njoo kwenye marudio yenyewe, ambako sifa na kasoro zinakaa pamoja.

Kwa kuotea, mwenye rimoti anagandisha picha pale mpira unapoachia mguu wa mpigaji, kisha vijana wawili wanavuta uzi wa kushonea nyavu juu ya pazia, kutoka kwa beki wa mwisho hadi upande wa pili wa uwanja. Ni ufundi wa kupendeza, uzi mweupe umekazwa, kila mtu amesimama. Tatizo ni kwamba wanaulinganisha na mstari wa 18, ule wa eneo la penalti, na kudhani kazi imekwisha. Kamera kuu iko juu, katikati ya uwanja, kwa hiyo kwenye picha mstari wa 18 na mstari wa goli haviendi sambamba. Vinakaribiana kadiri vinavyokwenda mbali. Beki akiwa katikati ya mistari hiyo miwili, uzi wake unatakiwa kulala kwa mwelekeo ulio kati ya miwili hiyo. Ukiulaza kama wa 18, mshambuliaji aliye upande wa mbali anaweza kuonekana ameotea wakati yuko salama, au kinyume chake. Njia rahisi ni kutumia mistari ya majani yaliyokatwa, kama uwanja unayo: tafuta mpaka wa majani meusi na meupe ulio karibu na beki, ufuate huo.

Hata uzi ukilala sawasawa, picha yenyewe ina kikomo. Televisheni yetu inaonyesha picha kamili 25 kwa sekunde. Mchezaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde anasogea sentimita 32 kati ya picha moja na inayofuata, na beki akiwa anapanda mbele wakati mshambuliaji anaingia, pengo linakaribia sentimita 60. Kwa hiyo kuotea kwa bega au kidole hakuwezi kuamuliwa hapa, uvute uzi upendavyo. Kwenye Kombe la Dunia la Qatar 2022 walitumia kamera 12 chini ya paa zilizofuatilia kila mchezaji mara 50 kwa sekunde, na kifaa ndani ya mpira kilichotuma taarifa mara 500 kwa sekunde. Kibanda kinapaswa kusema wazi: chini ya nusu mita, hatujui. Kwa sasa uzi unahukumu kila kitu.

Na hapo ndipo panapokuja kesi ambayo haifi Kigoma wala Tanzania nzima: Aprili 5, 2024, Loftus Versfeld, Pretoria, Mamelodi Sundowns na Yanga, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Shuti la Stephane Aziz Ki wa Yanga likagonga mtambaa panya, likadunda chini, likatoka. Refa Dahane Beida wa Mauritania hakutoa goli, mechi ikaisha 0-0 kama ile ya kwanza ya Dar es Salaam, na Sundowns wakapita kwa penalti 3-2. Kibandani kipande hicho kimehifadhiwa na huwekwa karibu kila wiki, Wananchi (Yanga) upande huu, Mnyama (Simba) upande ule.

Kwa goli la namna hii ubishi wa hapa umepanda daraja, na pongezi ziende kwa mzee mmoja fundi seremala aliyeleta mpira halisi na ubao uliopakwa chokaa upana wa sentimita 12. Sheria inataka mpira wote uvuke mstari wote. Mpira una kipenyo cha takriban sentimita 22. Maana yake, pale unapogusa ardhi lazima pawe angalau sentimita 11 nyuma ya ukingo wa ndani wa mstari, ule wa upande wa nyavu. Ukiuweka mpira sentimita 5 nyuma ya chokaa, ukasimama upande wa uwanjani, unayaona majani kati ya mstari na mpira, na utaapa kwamba ni goli. Ukichungulia kutoka juu, tumbo la mpira bado limening'inia juu ya chokaa. Ukiwa hewani ndiyo mbaya zaidi: kamera iliyo upande wa uwanja inauonyesha umeingia ndani kuliko ulivyo. Kila shabiki akapige magoti auone mwenyewe ubao ule. Ni dakika tatu tu, na hakuna marudio ya televisheni yatakayomfundisha hivyo.

Kwa hiyo nani alikuwa sahihi Pretoria? Picha inayoonekana kibandani inaelekea upande wa goli, na Yanga wana haki ya kuumia. Lakini shuti la kilomita 90 kwa saa husafiri mita nzima kati ya picha mbili, na hata likipunguzwa kasi na mwamba, ile sehemu ya sekunde ambayo mpira ulikuwa chini inaweza kuangukia kati ya picha. VAR, yaani waamuzi wa video, ilikuwepo siku ile. Kilichokosekana ni teknolojia ya mstari wa goli, inayotumia kamera zake kwenye kila lango na kupeleka ishara kwenye saa ya refa ndani ya sekunde moja. Uingereza waliumia hivyohivyo Bloemfontein, Kombe la Dunia la Afrika Kusini, Juni 27, 2010, mpira wa Frank Lampard ulipovuka wazi dhidi ya Ujerumani na refa akapeta. Miaka miwili baadaye teknolojia hiyo ikaruhusiwa. Hasira ya Pretoria ielekezwe huko, kwa waandaaji, kuliko kwa mshika kibendera.

Kasoro kubwa ya rimoti iko kwenye rafu. Faulo inaonyeshwa polepole mara tatu kabla ya kuonyeshwa kwa kasi yake. Polepole kila kukanyaga ni kadi nyekundu. Marudio ya polepole yafaa kuonyesha mguu ulipogusa. Ukali wa rafu upimwe kwa kasi ya kawaida. Waanze na kasi ya kawaida. Wapo wazee hapa waliokaa Uwanja wa Lake Tanganyika Julai 25, 2021, Simba walipomfunga Yanga 1-0 kwa goli la Taddeo Lwanga kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, na ile kadi nyekundu ya Mukoko Tonombe wa Yanga bado wanaibishania. Wanastahili kuonyeshwa matukio kwa namna isiyowachochea.

Ukutani kuna ubao wa kutabiri bingwa wa Kombe la Dunia la 2026. Anayeandika timu lazima aandike na sababu moja, na "wana mpira mtamu" inafutwa. Sababu bora iliyopo ni ya hesabu: timu ni 48, kwa hiyo bingwa atacheza mechi 8 badala ya 7, na anayetegemea wachezaji 11 atachoka. Mwingine kaandika kwamba Kombe lilipochezwa bara la Amerika mara nane, ni Ujerumani tu, mwaka 2014, waliolipeleka Ulaya. Ya Hispania imepingwa kwa chaki nyekundu: mkono wa beki wao Cucurella dhidi ya Ujerumani, Stuttgart, robo fainali ya Euro 2024, ambao refa aliupeta. Kusema kweli ule ulikuwa penalti, na kama ingetolewa pengine Hispania wasingefika fainali ya Berlin. Moroko wana mistari mingi tangu nusu fainali ya 2022, na inatia moyo kuona mashabiki wa hapa wakiitaja timu ya Afrika kwa sababu za mpira.

Mengine kwa ufupi. Chai na mihogo ya kukaanga ni mizuri, choo si kizuri. Mvua kubwa ikikata mawimbi hakuna anayerudishiwa kiingilio, na hilo liandikwe mlangoni. Mlango wa kutokea ni mmoja kwa watu 80; wa pili ufunguliwe upesi.

Kinachoharibu picha kuliko vyote ni jua. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, jua linazama karibu saa moja, na mlango unatazama ziwani. Mechi ya saa 11 jioni kipindi cha pili kinachezwa ndani ya mwanga, projekta haifui dafu, rangi za jezi zinafanana. Turubai zito jeusi mlangoni linatosha. Hadi litakapowekwa, mechi za jioni kaa benchi la tatu upande wa kulia, ukutani, penye kivuli. Fainali ya Kombe la Dunia ya Julai 19, 2026 itaanza saa 4 usiku kwa saa zetu, kwa hiyo jua halitasumbua. Fika saa 2, maana benchi hilo ndilo la kwanza kujaa.