Meta Quest 3S katika mazoezi ya vijana wenye hemofilia: kiwiko hufaidika, goti hudanganya

Miwani ya uhalisia pepe ya Meta Quest 3S, iliyoingia sokoni Oktoba 2024 kwa bei ya kuanzia dola 299 za Marekani, haikutengenezwa kwa ajili ya hospitali. Ni chombo cha michezo, na wengi walionayo hapa kwetu wameletewa na ndugu walioko ughaibuni. Nimeitumia katika tiba ya viungo kwa vijana wa kiume wenye hemofilia, yaani ugonjwa wa damu kutoganda inavyotakiwa, na tathmini hii inahusu matumizi hayo peke yake: je, inamsaidia kijana ambaye kiwiko chake hakinyooki, goti limekakamaa, au kifundo cha mguu kimevimba mara nyingi hadi kupoteza umbo? Inategemea ni kiungo gani, na inategemea zaidi nani anamsimamia.

Mwenye hemofilia kali ana chini ya asilimia 1 ya kiwango cha kawaida cha protini ya kugandisha damu, yaani fakta ya 8 kwa hemofilia A au fakta ya 9 kwa hemofilia B. Damu humvujia ndani ya magoti, viwiko na vifundo vya miguu, wakati mwingine bila hata kujigonga. Madini ya chuma yaliyomo katika damu hiyo hubaki humo, utando wa ndani ya kiungo huvimba na kuwa mwepesi wa kuvuja tena, gegedu hulika, na misuli ya jirani hunyauka kwa kukosa kazi. Juu ya hayo huja woga. Mtoto aliyekatazwa tangu utotoni kukimbia, kupanda miti na kucheza mpira hufika miaka 14 akiwa amezoea kuubeba mkono wake kama yai. Ukimpa zoezi la kuunyoosha na kuukunja asubuhi na jioni, huchoka kabla hajaanza, na mama yake hugeuka askari wa kumsimamia.

Kwa kiwiko, miwani hii imefanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Hufuatilia kichwa na rimoti mbili zinazoshikwa mikononi, hivyo kila mwendo wa mkono huonekana mchezoni papo hapo. Katika Beat Saber, mchezo wa kukata vijisanduku kwa upanga kwa kufuata mdundo wa muziki, kijana ambaye kwenye kitanda cha mazoezi hunyoosha mkono shingo upande huunyoosha bila kuombwa anapoona kijisanduku kiko mbali kidogo na upanga wake. Hata hivyo mipangilio ibadilishwe kwanza: uchaguliwe wimbo wa taratibu, kasi ipunguzwe, na iwashwe hali ya kutoshindwa ili asiwe na sababu ya kupaparika. Kiwiko kinachofikishwa mwisho wake kwa kishindo ndicho kinachoweza kuvuja, na mchezo hauna habari hiyo. Alama zake hutolewa zaidi kwa upana wa mzunguko wa upanga, si kwa utulivu wa mkono. Nimewaambia vijana wazipuuze, jambo ambalo hakuna aliyelipokea kwa moyo mweupe. Maendeleo halisi nayasoma kwenye kipimapembe changu, kabla na baada ya mazoezi.

Goti ni habari nyingine, kwa sababu rimoti ziko mikononi na hakuna chochote kinachovaliwa mguuni. Katika michezo ya kuchuchumaa ili kupita chini ya vizuizi, kinachohesabiwa ni kwamba kichwa kimeshuka. Kijana mmoja mwenye goti bovu la kushoto alipita vizuizi vyote. Nilipomtazama kutoka ubavuni, goti lile lilikuwa halijakunjwa hata kidogo: alikuwa ameinamisha mgongo na kuuhamishia mguu wa kulia uzito wote. Akavua miwani akitabasamu, akasema, "Dokta, umeona? Sijagusa hata kimoja!" Alisema kweli, ila goti lililomleta hospitali lilikuwa limepumzika muda wote. Hapa kamera ya Kinect ya mashine ya michezo ya Xbox 360, ambayo Microsoft iliitoa mwaka 2010, bado inaishinda miwani mpya: haivaliwi kichwani, na hufuatilia sehemu 20 za mwili, magoti na vifundo vikiwemo. Ubao wa mizani wa mashine ya michezo ya Nintendo Wii, ambao mchezaji husimama juu yake, nao humwonyesha kijana, kwa nukta inayosogea kwenye televisheni, kwamba ameegemea upande mmoja. Vyote viwili ni vyombo vya mitumba siku hizi, na kwa goti au kifundo ningevitafuta hivyo kwanza.

Linalonipa wasiwasi kuliko yote ni lile lile linalosifiwa kuliko yote. Ni kweli kwamba aliyevaa miwani husahau maumivu. Katika hospitali ya Nationwide Children's huko Columbus, Ohio, ulibuniwa mchezo uitwao Voxel Bay kwa watoto wenye hemofilia, ili akili zao ziwe kwingine wakati wanapodungwa mshipani dawa ya kusaidia damu kuganda, nao huchezwa bila kutumia mikono ili mkono utulie. Pale kusahau ni faida tupu. Mazoezini mambo hubadilika, kwa sababu damu inapoanza kuvuja ndani ya kiungo, uvimbe huchelewa kuonekana. Kinachotangulia ni mchonyoto, joto kidogo na hali ya kubanwa, ambavyo mgonjwa mzoefu huvitambua kabla mtu mwingine hajaona kitu. Mwongozo wa Shirikisho la Hemofilia Duniani unataka dawa itolewe mapema kadiri iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa 2. Kijana ambaye macho na masikio yake yako ndani ya mchezo huikosa dalili hiyo, au huisikia akainyamazia ili amalize wimbo. Kwa hiyo kila wimbo ukiisha miwani inavuliwa, nagusa kiungo kwa mgongo wa kiganja, kisha nakilinganisha na kile cha upande wa pili. Vijana hunung'unika sana kwa kukatizwa. Yule anayeacha kunung'unika ghafla ndiye ninayemkagua kwa makini zaidi.

Kwa sababu hiyo hiyo hatuanzi bila kujua dawa ya kijana iko wapi. Katika nchi zetu sehemu kubwa ya dawa hizi huja kwa msaada wa Shirikisho hilo na hutolewa katika hospitali kubwa kama Muhimbili na Kenyatta. Anayeishi mbali na hospitali za namna hiyo asianzishe mazoezi haya nyumbani eti kwa kuwa shangazi amemletea miwani kutoka Marekani.

Kuanguka ni hatari inayojulikana, na kwa mwenye hemofilia pigo la kichwa ni dharura hata kama hajisikii vibaya. Miwani ina uzito wa gramu 514 na huziba macho, hivyo huhitajika nafasi tupu ya mita 2 kwa 2, na kuruka nimekupiga marufuku. Mwenye kifundo kibovu hucheza ameketi. Angalieni pia feni ya dari, kwani kijana mrefu aliyeinua mikono huifikia kwa urahisi katika vyumba vyetu vingi. Sifongo ya usoni hulowa jasho haraka kwenye joto la Dar es Salaam. Kifuniko cha silikoni kinachofutika ni cha lazima pale miwani inapotumiwa na zaidi ya mtu mmoja.

Kliniki itakayoamua kuinunua ihakikishe ina simu au kishikwambi cha kurushia picha ya mchezo, pamoja na intaneti isiyokatika ovyo. Bila picha hiyo msimamizi humwona kijana akipunga mikono hewani tu, na hawezi kujua kama kijisanduku anachokiacha kipite ni kile kilichomtaka anyooshe kiwiko.