Pirelli Cinturato 165 HR 14 kwa Alfa Romeo ya 1969: tathmini kutoka Lubumbashi

Alfa Romeo 1750 Spider Veloce ilitoka kiwandani ikiwa imevaa tairi za kipimo cha 165 HR 14, yaani upana wa milimita 165 kwa janti (rimu) ya inchi 14, na kuzipata tairi hizo hapa Lubumbashi kumenichukua karibu mwaka mzima. Naandika kwa ajili ya wachache wenzangu mjini wanaotunza magari ya aina hii.

Ugumu wenyewe si kwamba namba hizo hazipatikani. Upande wa soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, nililetewa 165 R14C, na muuzaji akaniapia kwamba ni kitu kilekile. Namba ni zilezile kweli, lakini herufi C maana yake tairi imetengenezwa kwa magari madogo ya mizigo: mbavu zake ni ngumu, hujazwa upepo mwingi ili ihimili uzito, na chini ya gari jepesi la viti viwili hurukaruka barabarani kana kwamba ni ya mbao. Herufi H, ambayo haikuwepo kwenye tairi ile, huruhusu mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekubali ushauri wa kufunga 185/60 R14, nikajuta. Tairi ya zamani isiyo na namba ya pili baada ya upana huwa na ubavu mrefu, takriban asilimia 80 ya upana huo, kwa hiyo kipenyo cha 165 R14 hufika sentimita 62 hivi, ilhali ile ya 185/60 haifiki 58. Gari lilishuka sentimita mbili, kipima mwendo kikawa kinasoma 80 wakati mwendo halisi ni 75, na usukani, ambao katika gari hili hausaidiwi na mashine yoyote, ukawa mzito mno wakati wa kuegesha.

Hatimaye niliagiza Cinturato CA67 kutoka duka moja la Uingereza linaloshughulikia tairi za magari ya kale tu. Cinturato ni tairi ya radiali (ndiyo maana ya herufi R) ya Pirelli iliyoanza miaka ya 1950, na jina lake la Kiitaliano linatokana na neno la mshipi, kwa sababu ya mkanda unaozunguka tairi chini ya uso wake. Zinazouzwa leo ni mpya, zimetengenezwa kwa michoro ileile ya zamani. Duka lilinipendeza kwa sababu kabla ya kupokea pesa liliniuliza upana wa janti, kama zina kutu ndani, na kama ningehitaji mipira ya ndani. Niliomba pia picha ya namba nne za mwisho za DOT, alama ya utengenezaji iliyochapwa ubavuni, ambazo hutaja juma na mwaka wa kutengenezwa, nikatumiwa siku ileile. Tairi ya kale yenye sura nzuri lakini iliyozeeka ghalani ni hatari, wala hakuna bei inayoweza kuifanya iwe nafuu.

Safari ya kupitia Dar es Salaam na Zambia hadi Kasumbalesa ilichukua miezi mitatu. Wakala wa usafirishaji, ambaye sitamtumia tena, alizibana chini ya mizigo mingine hata midomo ya tairi, yaani kingo zinazokaa kwenye janti, ikafungana, na kwado wangu (fundi wa tairi) alilazimika kuziweka vipande vya mbao ndani kwa siku mbili kabla ya kuzifunga. Kwa jumla, kila tairi ilinigharimu karibu mara nne ya bei ya tairi ya kawaida sokoni.

Nimekwenda nazo Likasi na kurudi mara tatu, mara moja mvua ikinyesha njia nzima. Usukani umekuwa mwepesi na unanieleza kila kinachotokea chini ya magurudumu ya mbele. Kwenye kona gari huanza kuteleza taratibu, likinipa muda wa kulirekebisha, jambo ambalo tairi pana hazikunipa hata siku moja. Springi za gari hili zilipangwa kwa ubavu mrefu unaonyumbuka, na sasa nasikia kazi yake. Sizipeleki kwenye barabara za vumbi zenye mawe makali.

Niliagiza tano badala ya nne. Ya tano iko kwenye buti, na namba zake za DOT ni sawa na za wenzake.