Herufi Nne Kwenye Pasi: Tathmini ya Ukaguzi wa Abiria Wanaokwenda Marekani

Abiria anayekwenda Marekani akipokea pasi yake ya kupandia ndege na kukuta herufi S imechapwa mara nne pembeni, ajue kwamba ameshachaguliwa kwa ukaguzi wa ziada kabla hata begi lake halijafunguliwa. Dalili hujitokeza mapema zaidi: anajaribu kujisajili kwa safari kupitia simu, programu inakataa na kumtaka aende kaunta, na mhudumu wa kaunta anapiga simu mahali fulani huku akiutazama uso wake na picha ya pasipoti kwa zamu. Herufi hizo zimenitokea katika safari tatu, na tathmini hii ni ya huduma nzima iliyo nyuma yake, yaani mkanda na mashine tunazoziona pamoja na orodha ya majina tusiyoiona. Naiita huduma kwa sababu tunailipia. Tiketi ya safari inayoanzia katika kiwanja cha Marekani huwa na tozo ya usalama ya dola 5.60 kwa kila upande, na anayelipa ana haki ya kusema alichouziwa.

Nianze na kinachoonekana. Katika mara ya tatu, kwenye kiwanja cha kuunganishia safari ambacho sitakitaja, niliitwa pembeni ya lango la kupandia ndege huku abiria wengine wakipita na kunitupia jicho. Mkaguzi alikuwa kijana mpole. Alivaa glavu, akachukua kijiti chenye kitambaa cheupe kwenye ncha, akakipitisha viganjani mwangu, kwenye zipu za begi, ndani ya viatu na hata kwenye waya wa chaja, kisha akakichomeka kwenye kimashine kinachonusa chembe za vilipuzi. Baada ya sekunde chache taa ya kijani ikawaka. Kilichotuchelewesha ni simu yangu ya zamani, ambayo ilitakiwa iwashwe na ilikuwa imekwisha chaji. Tukaitafutia soketi, tukachuchumaa wawili ukutani tukisubiri kioo kipate mwanga, naye akaniuliza ninakwenda kumtembelea nani, kwa sauti ambayo haikuwa ya kuhoji. Mapema kidogo, kwenye mkanda, nilikuwa nimeshapoteza chupa ya mafuta ya nywele iliyoandikwa mililita 150, ingawa yaliyobaki ndani hayakufika kimo cha kidole, kwa kuwa kanuni ya mililita 100 hupima chupa wala haipimi kilichomo.

Kanuni za namna hiyo zina kumbukumbu zake, na anayezijua hukasirika kidogo tu. Tulianza kuvua viatu kwa sababu ya Richard Reid, ambaye tarehe 22 Desemba 2001 alijaribu kulipua vilipuzi vilivyofichwa kwenye viatu vyake ndani ya ndege iliyokuwa ikitoka Paris kwenda Miami. Tunagawa vimiminika katika vichupa kwa sababu ya njama iliyogunduliwa Uingereza mwezi Agosti 2006, ya kuingiza vilipuzi vya majimaji ndegeni kwa kutumia chupa za vinywaji. Mashine za kumulika mwili mzima, zile zinazokutaka uinue mikono kama mtu aliyetekwa, zilisambazwa kwa kasi baada ya Krismasi ya 2009, pale kijana wa Kinigeria, Umar Farouk Abdulmutallab, alipojaribu kulipua ndege iliyokuwa ikikaribia Detroit kwa vilipuzi vilivyoshonwa kwenye nguo yake ya ndani. Kila kanuni inajibu shambulio lililopita, na kuiondoa ni kazi kuliko kuiweka: amri ya kuvua viatu ilianza kwa abiria wote wa Marekani mwaka 2006 na haikuondolewa hadi Julai 2025.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2015 ilifichuka kwamba wapimaji wa siri wa serikali ya Marekani walikuwa wamejaribu mara 70 kupitisha silaha na vilipuzi bandia kwenye vituo vya ukaguzi, na mara 67 walifaulu kupita. Sikuyasoma matokeo hayo kwa furaha, maana nami hupanda ndege hizohizo. Hata hivyo, sehemu hii ya huduma naipa nyota tatu kati ya tano. Kero yake ina mwanzo na mwisho, yupo mtu mbele yako unayeweza kumuuliza, na ukivumilia dakika thelathini unaondoka na begi lako.

Orodha ndiyo iliyonifanya nikae kuandika. Baada ya mashambulio ya Septemba 11, 2001, Marekani ilipanua orodha zake za watu wanaotiliwa shaka, na leo zipo za ngazi mbalimbali: aliye katika ngazi ya juu hapandishwi ndege kabisa, aliye katika ngazi ya chini hupewa zile herufi nne, na wapo wanaopewa herufi hizo kwa bahati nasibu tu au kwa sababu ya njia ya safari yao. Abiria haelezwi yuko kundi gani. Hapo mwanzo mashirika ya ndege yenyewe ndiyo yaliyolinganisha majina, kwa ulegevu uliokuja kuchekesha dunia mwaka 2004, pale Seneta Edward “Ted” Kennedy alipoeleza bungeni kwamba amezuiwa mara kadhaa kwenye kaunta kwa kuwa jina la “T. Kennedy” lilifanana na lakabu ya mshukiwa fulani. Alikuwa seneta kwa zaidi ya miaka 40, akawa na namba ya simu ya waziri mhusika, na bado ilichukua wiki kadhaa jambo hilo kumalizwa. Wewe na mimi tungempigia nani?

Haki itendeke: tangu mwaka 2009 kazi ya kulinganisha majina imechukuliwa na serikali yenyewe kupitia mamlaka yake ya usalama wa usafiri, TSA, na abiria hutakiwa kutoa jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na jinsia. Mkanganyiko umepungua sana. Haukuisha, kwa sababu jina lililovuka kutoka hati moja kwenda nyingine halitulii. Muhammad huandikwa Mohamed, Mohammed, Muhamad na Mohamad, na mtu anayebeba jina lake, la baba na la babu analazimishwa na fomu kuchagua lipi ni la ukoo, leo hili, kesho lile, hadi anakuwa watu watatu kwenye kompyuta. Nakala ya orodha ya mwaka 2019, iliyokutwa Januari 2023 kwenye seva ya shirika moja dogo la ndege la Marekani ikiwa wazi bila ulinzi, ilikuwa na mistari ipatayo milioni 1.5, na mingi ilikuwa ni majina ya watu walewale yaliyorudiwa katika tahajia tofauti. Kinachouma ni kwamba wavu huo wenye matundu madogo ulimpitisha Abdulmutallab. Baba yake mwenyewe alikuwa ameuonya ubalozi wa Marekani mjini Abuja mwezi mmoja kabla, na maofisa walipotafuta kama ana viza, jina lake likaandikwa kimakosa, mfumo ukajibu kwamba hana.

Na makosa ya kalamu huelekea upande wa pili pia. Mwanafunzi mmoja wa udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Stanford, raia wa Malaysia, alizuiwa katika kiwanja cha San Francisco mwezi Januari 2005, akafungwa pingu, na baada ya kwenda kwao akashindwa kurudi. Kesi yake ilipoamuliwa Januari 2014, miaka tisa baadaye, ndipo ilipothibitika kwamba ofisa wa FBI aliisoma fomu kinyumenyume: maelekezo yalimtaka atie alama kwenye orodha ambazo mtu huyo asiwekwe, yeye akatia kwenye zile alizotaka awekwe na nyingine akaziacha. Vijisanduku vichache vya karatasi, miaka tisa, na mawakili wa serikali waliopigania muda wote huo kuifanya iwe siri. Nelson Mandela naye, kwa sababu ya uamuzi wa zamani wa kukihesabu chama chake, ANC, kuwa cha kigaidi, alihitaji kibali maalumu ili aingie Marekani, na sheria ya kumwondolea kikwazo hicho ilisainiwa Julai 2008, siku chache kabla hajatimiza miaka 90.

Mlango wa malalamiko upo. Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani iliufungua mwaka 2007, ni bure, na fomu yake hujazwa mtandaoni na mtu wa taifa lolote. Mimi niliijaza na sina lawama nayo: maswali yanaeleweka, unaambatisha nakala ya pasipoti, na unapewa namba ya kuandika kila unapokata tiketi ili usichanganywe na mwenye jina kama lako. Ninachokikosoa ni kanuni iliyo juu ya fomu hiyo, kwamba jibu halithibitishi wala halikanushi kwamba jina limo orodhani. Mwaka 2014 jaji wa mahakama ya shirikisho katika jimbo la Oregon aliamua kwamba utaratibu huo unavunja haki ya kikatiba ya kusikilizwa, na tangu mwaka uliofuata raia na wakaazi wa kudumu wa Marekani waliozuiwa kupanda ndege wanaweza kuambiwa hali yao. Sisi wengine hatumo katika huruma hiyo. Vilevile hatumo, wengi wetu, katika mpango wa foleni ya haraka, ambao kwa ada isiyofika dola 100 kwa miaka mitano na alama za vidole humpunguzia mtu mashaka ya serikali. Mashaka yanayopungua kwa ada yananitatiza kidogo.

Sehemu ya orodha naipa nyota moja, na hiyo ni ya fomu. Anayetarajia safari aandike jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, aiweke namba ile kwenye tiketi, na achaji kila kifaa alicho nacho.

Safari yangu ya mwisho nilifika kaunta saa nne kabla, nikiwa nimejiandaa kwa maswali. Mhudumu aligonga vitufe viwili vitatu, mashine ikatoa pasi, nikaigeuza mbele na nyuma. Haikuwa na herufi zile. Nilimuuliza kama anaona chochote kuhusu jina langu, akanitazama kama mtu anayelalamika kwamba mvua haijanyesha, akaita aliyefuata.