2147483647 au ndugu yake mkubwa?

Mpwa wangu wa kidato cha pili, hapa Kondele, Kisumu, aliniuliza: "Mjomba, kati ya 2 kwa kipeo cha 31 toa 1, na 2 kwa kipeo cha 67 toa 1, ipi nipeleke chama cha hisabati?" Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne alidai zote mbili ni nambari tasa, yaani hazigawiki ila kwa 1 na zenyewe. Alipatia moja.

Ya kwanza ni 2147483647, na mwanahisabati Euler alithibitisha mwaka 1772 kuwa ni tasa. Raha yake ni kwamba unaweza kumfuata kwa kikokotoo cha simu. Unatafuta kigawo kilicho tasa: huna haja ya kuvuka kipeuo chake cha pili, 46340 na kitu, na kigawo chochote kikigawanywa kwa 62 sharti kibakishe 1. Basi 3, 7 na 11 usihangaike nazo. 63, 125, 187 na 249 si tasa, kwa hiyo unaanzia 311. Tulijaribu mezani chai ikipoa: baki 35, yaani haigawiki kwa 311.

Ya pili ina tarakimu 21. Mwaka 1876 mwanahisabati Mfaransa Lucas alionyesha si tasa, bila kutaja kigawo hata kimoja. Mmarekani Cole akavitoa viwili mwaka 1903: 193707721 na 761838257287. Kisa kitamu, ila simu nyingi hukata tarakimu za mwisho.

Mimi ningebeba ya 31. Mpwa kachukua ya 67. Anataka kuzidisha vigawo hivyo viwili ubaoni kwa mkono, watu wakitazama.