Dawa ya kuua vithiripi iliyotengenezwa kwa fangasi, duka la pembejeo Kilombero Arusha: dawa nne, duka mbili na nusu

Nyota nne kwa dawa, mbili na nusu kwa duka, na hiyo nusu ni kwa sababu kijana wa kaunta ana lugha nzuri, hakununii hata ukimuuliza maswali mpaka foleni inajaa nyuma yako. Jina la duka naliacha, ila lipo maeneo ya soko la Kilombero na wateja hawakauki.

Nilienda kutafuta kitu cha vithiripi, vile vidudu vidogo sana vya kwenye maua na majani, kwenye maharage machanga, shamba liko Usa River, na mnunuzi wetu hataki kusikia habari ya mabaki ya sumu. Kijana akanitolea chupa ya Metarhizium, fangasi anayeua wadudu, hii ya mafuta, akaniambia, "Mama chukua hii, ni ya asili, inamaliza kila mdudu." Hapo ndo tulipoanza kubishana, nikamwambia mwanangu kila mdudu haiwezekani, hebu geuza chupa tuone imeandikwa namba gani.

Maana hawa fangasi wanachagua bwana. Spora, yaani mbegu ya fangasi, inadondokea ngozi ya mdudu, inanata, inachipua, inatoboa kuingia ndani, mdudu anakufa baada ya siku kadhaa. Sasa kuna wanaochipua kwa wadudu wa aina nyingi na kuna wanaosubiri mdudu wao tu. Metarhizium acridum yeye ni wa nzige na panzi, ukimweka kwenye ngozi ya mdudu mwingine hajengi kile kifaa chake cha kutobolea, anakaa tu hapo. Huyo ndiye aliyepulizwa 2009 hapa kwetu kwa nzige wekundu, bonde la Rukwa, Iku-Katavi na Malagarasi. Halafu mwaka huohuo wa 2009 wataalamu walikaa na vinasaba vyao wakaona kundi lote lililokuwa linaitwa Metarhizium anisopliae ni spishi 9 zinazofanana kwa sura, na acridum akapewa jina lake mwenyewe, zamani alikuwa anahesabiwa kama tawi tu la anisopliae. Kilichonishangaza zaidi ni mpangilio wa ukoo wao, nilikuwa nadhani fangasi anaanza kwa kula kila kitu halafu anazidi kuchagua, kumbe kwa hawa vinasaba vinaonyesha kinyume, wachaguzi ndio wa zamani na hawa wanaoshambulia ovyo wametokana nao, wakaongeza jeni nyingi za kuvunjia ngozi za wadudu tofauti.

Na hata ndani ya spishi moja kuna aina tofauti, kila moja na namba yake, na namba ina maana. icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, wana ICIPE 69 inayotumika kwa vithiripi, ICIPE 62 kwa wadudu mafuta, ICIPE 78 kwa utitiri mwekundu. Kwa hiyo ukiuziwa "Metarhizium" bila namba ni sawa na kuuziwa "mbegu ya mahindi", ipi sasa? Chupa yangu ilikuwa 69, kijana hakujua, ila walau alitoa miwani ya bosi wake tukasoma wote.

Matokeo: nilipuliza jioni jua limeshazama, maana jua linaua spora, na siku za kwanza hakuna kitu, vithiripi wanatembea kwenye maua kama kawaida, jirani akaanza kunicheka. Subira. Baadaye wakapungua sana, na chini ya jani nilikuta mmoja amekauka, kwenye viungo vya miguu ameota unga wa kijani uliofifia, ukimgusa unabaki kwenye kidole. Hawakuisha wote, asikudanganye mtu. Na kama unapiga dawa ya bakajani kwenye nyanya za pembeni usichanganye kwenye bomba moja, dawa ya ukungu inamuua na huyu maana naye ni ukungu. Kwa kantangaze, yule mdudu wa nyanya, usiitegemee kabisa chupa hii, kiwavi wake amejificha katikati ya jani, spora itamkuta wapi.

Sasa nyota za duka zimeenda wapi? Chupa zimepangwa dirishani upande wa jua la mchana!! Kiumbe hai unamwanika kama dagaa halafu unamuuzia mtu kwa bei ile, na bei imechangamka kweli. Nilikataa ya dirishani, nikaletewa ya stoo, tarehe bado iko mbali. Dada mmoja pembeni yangu alichukua hiyohiyo ya dirishani, nikamnong'oneza akabadilisha, kijana akanikata jicho.

Risiti wanatoa bila kuomba, malipo ya simu yanapita, Jumapili wanafungua baada ya ibada. Omba ya stoo.