Uzoefu wangu: nusu siku ya kutazama ndege hori la Mida, Watamu, pwani ya Kenya

Kifurushi kilikuwa na mwongozaji mmoja, darubini ya miguu mitatu, na kiingilio cha daraja la kuning'inia linalopita kwenye mikoko hadi kibanda cha kutazamia. Nyota 4. Ya tano imepotea kwa sababu walinipangia saa 12 na nusu asubuhi bila kuangalia jedwali la maji. Niliomba wasogeze, wakakubali bila kuongeza bei.

Hapa Mida hapana faida ya kudamka. Maji yakipwa, ndege hutawanyika topeni mpaka wanaonekana kama punje za pilipili manga. Kipindi chenyewe ni maji yakijaa, kuanzia kama masaa 3 kabla hayajafika kikomo: yanawasogeza kidogo kidogo kuelekea kibandani. Siku za bamvua (mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapojaa sana) pwani hii hujaa karibu saa 10 alasiri, kwa hiyo fika saa 7. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50 hivi. Maji mafu (siku za katikati, yasipojaa sana) yaache; tope kubwa hubaki wazi na ndege hawana haja ya kusogea.

Mwongozaji anajua kazi. Anaanza na mdomo, si rangi, maana ndege hawa wahamiaji wakiwa huku wengi wamevaa kijivu kilekile. Sululu mdomo umepinda chini (jina linajieleza, ukikumbuka sululu ya kuchimbia). Kitwitwi wa Terek wake umepinda juu, naye hukimbia kama anayefukuzia matatu. Mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, ana mdomo mnene kama koleo. Mmoja alimpigapiga kaa chini mpaka magando yakang'oka, ndipo akammeza. Hao huzalia pwani za Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu, kwenye mashimo ya mchanga.

Darubini yao ya lenzi mm 80 inatosha, ila usikubali ikuze mara 60: mchana hewa inatetema juu ya tope na miguu ya ndege inageuka moshi. Bakia mara 25 hadi 30. Darajani usiisimamishe kabisa, mtu akipita mbao zinacheza.

Shakwe na buabua wengi usiwatafute hapa. Hao wako mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, na ni safari ya siku nyingine.