Krayoni za kuchorea: zipi ununue kwanza ukiwa Bagamoyo

Ukitaka kuchora milango ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, usihangaike na wingi wa rangi kwenye boksi. Angalia kama rangi moja inakubali kupandia nyingine, maana kivuli hujengwa hapo. Boksi la 12 zinazochanganyika vizuri linalishinda la 48 zinazoteleza.

Namba moja naipa pasteli za mafuta. Sakura ya Japani ilianza kuziuza miaka ya 1920, na tangu hapo zimekaa katikati ya krayoni ya nta na pasteli kavu: rangi imekolea, vumbi hakuna. Tuseme unachora mlango wa nakshi uliopigwa na jua la alasiri. Paka kwanza njano ya udongo kote, kwa mkono mwepesi, kisha kahawia juu yake. Ukifika kwenye mashimo ya nakshi usikimbilie nyeusi. Tia bluu iliyokolea au zambarau, halafu rudishia kahawia. Kivuli kitakuwa na kina, hakitafanana na masizi. (Nyeusi ingekuwa inauzwa kwa kibali, ingekuwa afadhali.) Sugua kwa kidole pale tu umbo linapojipinda. Mistari myembamba ikwaruze kwa kijiti cha mshikaki ili rangi ya chini ichomoze.

Dukani omba kujaribu: pitisha njano juu ya bluu. Ikiteleza bila kushika, nta imezidi, achana nayo. Nyeupe nayo itazame, ndiyo huisha mapema. Pasteli hizi hazikauki kabisa, na joto la pwani linazilegeza, kwa hiyo usiziache kwenye gari juani, na picha ifunike kwa karatasi laini ya kuokea.

Namba mbili ni krayoni za Conté. Mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alichanganya unga wa grafiti na udongo akauchoma, kwa kuwa vita vilikuwa vimezuia grafiti safi kutoka Uingereza. Vijiti vya leo vina pembe nne: ncha kwa mstari, ubavu kwa kivuli kipana. Nunua nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo tu, uchore kwenye karatasi ya kaki. Rangi ya karatasi inabaki kuwa mwanga wa kati, wewe unaongeza giza na mng'ao. Kwa mawe ya matumbawe ya magofu ya Kaole sijaona kinachozishinda. Nazishusha hadi nafasi ya pili kwa sababu hufutika zikiguswa mpaka upulizie dawa ya kushikiza, na mara nyingi itabidi uzifuate Dar es Salaam.

Tatu, krayoni zinazoyeyuka kwa maji, kama Neocolor II ya Caran d'Ache ya Uswisi. Ni nzuri kwa anga na bahari: unapaka, unapitisha brashi yenye maji. Bei yake inauma.

Mwisho, krayoni za nta za watoto. Kupandiana hazipandiani, ila nyeupe yake ina kazi: chora nayo povu la mawimbi, kisha pitisha rangi ya maji. Nta inakataa maji, povu linabaki jeupe.

Pesa itakayobaki iende kwenye karatasi yenye ukwaruzo kidogo. Ya fotokopi ni laini mno, haishiki hata tabaka la pili.